"Ni kweli mheshimiwa, lakini…": kisa cha kijana aliyekiri kosa asilolijua

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kimetoka kwenye mafaili ya ofisi ndogo ya msaada wa kisheria ninakofanya kazi kama msaidizi wa kisheria, Tanzania Bara. Majina, mji, mahakama na tarehe nimeviondoa, na mambo mawili matatu nimeyageuza ili wahusika wasitambulike. Namba za vifungu ni zile za Rejeo la 2019 la sheria zetu, maana ndizo zilizotumika kesi ilipoendeshwa. Nimewaandikia wasaidizi wa kisheria wenzangu, na yeyote ambaye ndugu yake amewahi kupandishwa karandinga akabaki hajui aanzie wapi.

Mazingira

Kijana alikuwa na miaka 23, amesoma hadi darasa la saba, na alikuwa akiendesha bodaboda ya mkataba. Wanaojua kazi hiyo wanajua mkataba ni nini: bosi ananunua pikipiki, dereva analeta hesabu kila wiki, na hesabu ya mwisho ikishafika pikipiki inakuwa ya dereva. Wa kwake ulikuwa wa wiki 60, kila wiki shilingi 60,000, jumla 3,600,000. Uliandikwa kwenye karatasi ya daftari, wote wawili wakasaini, balozi wa nyumba kumi akashuhudia. Matengenezo yalikuwa juu ya dereva.

Alilipa wiki 41 bila kukosa, yaani shilingi 2,460,000. Wiki ya 42 injini ikafa. Fundi alipoifungua alitaja 280,000, vipuri pamoja na ufundi. Kijana hakuwa nazo. Akaiacha pikipiki gereji, akaweka simu rehani apate nauli, akaenda kijijini kwao kufanya vibarua vya kuvuna mpunga. Hakumwambia bosi. Baadaye nilimuuliza kwa nini, akanijibu, "Dada, ningemwambia nini? Angeninyang'anya."

Bosi alipiga simu wiki tatu, haipatikani. Alikwenda kijiweni, wenzake wakasema hawajamwona. Akaenda polisi kuripoti kuwa pikipiki yake imeibwa. Mimi simlaumu sana. Ukiwa na pikipiki ya zaidi ya milioni mbili, dereva ametoweka na simu imezimwa, huwezi kukaa unangoja.

Siku nne kituoni

Alikamatwa Alhamisi asubuhi, siku aliyorudi mjini, akiwa na 190,000 mfukoni alizotaka kumtangulizia fundi. Anasema alieleza yote tangu mwanzo, pamoja na jina la gereji. Gereji ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Hakuna aliyekwenda.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inataka mtu aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 kadiri inavyowezekana, ama apewe dhamana ya polisi. Kifungu cha 50 kinaweka saa nne za msingi za kumhoji tangu awekwe chini ya ulinzi, na muda huo ukihitaji kuongezwa kuna utaratibu wake. Kifungu cha 53 na cha 54 vinataka aelezwe kosa analotuhumiwa na aruhusiwe kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Maelezo yake ya onyo, yaani yale anayotoa mtuhumiwa polisi baada ya kuonywa, yaliandikwa Jumamosi. Mama yake alipata habari siku hiyohiyo, tena kwa dereva mwenzake wa kijiweni. Alipofika kituoni kuulizia dhamana aliambiwa arudi Jumatatu. Jumatatu alipofika, mtoto ameshapelekwa mahakamani.

Usiku wa Jumapili selo ilikuwa na "wakili" wake. Kila selo ina mmoja, mtu aliyeingia na kutoka mara nyingi hadi akaota ujuzi. Huyo alimwambia: kesho kubali tu, usimsumbue hakimu. Ukikataa utasota mahabusu mwaka mzima kesi ikiahirishwa. Ukikubali unapigwa faini, unarudi nyumbani jioni.

Kizimbani

Shtaka lilikuwa la wizi wa kuaminiwa, kifungu cha 273 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho adhabu yake inaweza kufika miaka kumi jela. Hilo hakuambiwa na mtu.

Mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya yaliyosemwa mahakamani, tulipoupata baadaye, ulikuwa na ukurasa mmoja na robo kwa jambo zima. Shtaka limesomwa na kuelezwa kwa mshtakiwa, ameulizwa kama ni kweli au si kweli. Jibu lililoandikwa: "Ni kweli." Mahakama ikaandika kuwa mshtakiwa amekiri kosa. Mwendesha mashtaka akasoma maelezo ya kosa kwa aya moja: alikabidhiwa pikipiki, hakuirejesha, alitoweka, alikamatwa. Akaulizwa kama maelezo hayo ni sahihi. Jibu lake ndilo lililokuja kumwokoa:

"Maelezo ni ya kweli ila pikipiki ipo kwa fundi, na mimi nadaiwa kumalizia."

Mstari unaofuata ni kutiwa hatiani. Akaulizwa kama ana la kusema kabla ya adhabu, akaomba msamaha, akasema anamtegemeza mama yake. Miaka mitatu jela. Kwa kumbukumbu yake mwenyewe, toka aliposimama hadi alipotolewa hazikupita dakika ishirini. Alipofika kwenye korido alimuuliza askari, "Faini inalipwa dirisha gani?"

Mama anafika ofisini

Mama alikuja siku ya saba baada ya hukumu. Siku zilizotangulia zilimpotea kwa kishoka aliyekuwa akizunguka nje ya mahakama, aliyechukua 150,000 "aongee na watu wa ndani." Sisi hatukuweza kuzirudisha. Wakati huo kishoka alikuwa hapokei tena simu.

Hapa naandika kosa langu. Nilipomsikiliza mama, nilichokisikia ni deni: bosi anadai, kijana hajamaliza, basi tuwapatanishe. Nikatumia siku nzima kumtafuta bosi. Alikuwa mtu muungwana, akasema yuko tayari "kufuta kesi" akilipwa salio la 1,140,000. Nikarudi nikiona nimepata ufumbuzi, mpaka wakili anayejitolea ofisini kwetu aliponiuliza swali moja: hukumu imetoka lini? Mlalamikaji hawezi kufuta hukumu. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri tangu mwanzo, na mahakama ikishatia mtu hatiani, kilichobaki ni rufaa. Tena kifungu cha 361 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinataka taarifa ya kusudio la kukata rufaa itolewe ndani ya siku kumi. Tulikuwa siku ya nane, jioni.

Asubuhi ya siku ya tisa tulikuwa getini gerezani. Mfungwa anaweza kupitisha rufaa yake kwa mkuu wa gereza, na ofisi ya gereza ilitupa fomu bila tabu yoyote. Alisaini kwa mkono unaotetemeka. Sikuwa nimemwona kabla ya siku ile.

Tuliyoamua, na kwa nini

Tuliwaza njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kukata rufaa dhidi ya adhabu peke yake. Ndiyo nyepesi, kwa sababu kifungu cha 360 cha sheria hiyohiyo kinazuia aliyekiri kosa kukata rufaa isipokuwa kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu. Kijana hakuwahi kuwa na kosa lingine, na pengine miaka mitatu ingepunguzwa. Lakini angetoka akiwa mwizi mwenye kumbukumbu ya hukumu.

Ya pili ilikuwa kupinga kutiwa hatiani kwenyewe. Kifungu cha 360 kinaonekana kufunga mlango, ila mahakama zetu zimeuacha wazi kidogo. Katika Laurent Mpinga dhidi ya Jamhuri, iliyoripotiwa 1983, Mahakama Kuu ilitaja sababu nne zinazomruhusu aliyekiri kukata rufaa: kwamba ukiri ulikuwa na utata au haukukamilika, kwamba alikiri kwa kukosea au kutoelewa, kwamba shtaka halikuonyesha kosa linalojulikana kisheria, au kwamba maelezo aliyoyakubali, hata yangekuwa kweli yote, hayawezi kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo. Wakili alisoma ule ukurasa mmoja na robo, akapiga mstari chini ya neno "ila". Alisema, "Kesi yote ni neno hili."

Ya tatu ilikuwa kuomba dhamana wakati rufaa ikisubiri. Tuliiacha. Hoja ilikuwa kwamba dhamana baada ya kutiwa hatiani hutolewa kwa nadra, inahitaji sababu za pekee, na nguvu zetu chache zielekezwe kwenye kupata nakala za mwenendo. Nitarudi hapo.

Nakala zilichukua karibu miezi mitano. Kisheria siku za kusubiri nakala hazihesabiwi katika zile 45 za kuwasilisha hati ya rufaa, kwa hiyo hatukupitwa na muda. Lakini kalenda ya aliyeko gerezani haina siku zisizohesabiwa.

Mahakama Kuu

Wakili wa serikali hakuipinga rufaa. Nilishangaa, wakili wetu hakushangaa. Alisema ukurasa ule hauteteeki. Walichobishania ni kitakachofuata: sisi tuliomba aachiwe huru, Jamhuri ikaomba shtaka lisomwe upya.

Jaji alianzia kwenye kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, uamuzi wa 1973 wa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ambao hadi leo unatumika pande zote mbili za Namanga, mpakani mwetu na Kenya. Uamuzi huo unapanga hatua. Shtaka na kila kipengele cha kosa aelezwe mshtakiwa kwa lugha anayoielewa. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe. Maelezo ya kosa yasomwe, apewe nafasi ya kuyakubali, kuyakataa au kuongeza lake. Akiyakataa, au akileta jambo linalotia shaka ukiri wake, ukiri ubadilishwe na iandikwe kuwa amekana.

Wizi, kwa kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu, unataka nia ya udanganyifu na kutokuwa na haki juu ya mali. Mtu anayesema pikipiki iko kwa fundi na yeye anadaiwa kumalizia hajasema ameiba. Amesema ana deni na chombo kibovu. Jaji alitengua hatia na adhabu, akaamuru faili lirudi, shtaka lisomwe upya mbele ya hakimu mwingine, na ikitokea akatiwa hatiani, muda aliokaa gerezani uzingatiwe.

Ilikuwa mwezi wa tisa tangu hukumu.

Kusomewa shtaka mara ya pili

Nilidhani sehemu hii ingekuwa rahisi. Siku mbili kabla, nilikwenda kumwandaa. Nikamweleza kwamba ataulizwa kama ni kweli au si kweli, naye ajibu, "Si kweli." Basi.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Dada, mimi siwezi kusema uongo mbele ya hakimu. Pikipiki nilikuwa nayo. Sikuirudisha. Nitasemaje si kweli?"

Hapo ndipo nilipoelewa kilichotokea mara ya kwanza. Ushauri wa selo ulichangia, lakini mzizi ulikuwa kwingine. Kwake yeye hakimu aliuliza kuhusu pikipiki: ulikuwa nayo, hukuirudisha, kweli si kweli? Akajibu kama alivyolelewa. Kwetu mtu mzima akikutuhumu, humrukii kwa "si kweli." Unaanza kwa kukubali kile kilicho sawa, "ni kweli mzee," ndipo unaleta maelezo yako. "Ni kweli" ni hodi. Mahakama iliisikia kama mtu ambaye tayari ameshaingia na kukaa.

Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, na kesi hii iliendeshwa kwa Kiswahili kuanzia hati ya mashtaka. Hakuna neno hata moja ambalo kijana hakulijua. Hilo halikumsaidia chochote, kwa sababu "ni kweli" ya nyumbani na "ni kweli" ya kizimbani yameandikwa kwa herufi zilezile.

Niliacha sheria pembeni, nikachukua karatasi na kuandika maswali manne. Ulipewa pikipiki? Ndiyo. Uliiacha kwa fundi? Ndiyo. Ulitaka kuifanya yako bila kumlipa bosi? Aliruka: "Hapana, hata kidogo!" Je, wewe ni mwizi? Akanitazama kama nimemtukana. Nikamwambia swali la hakimu ni hilo la nne, japo linasikika kama la kwanza. Akiulizwa, anajibu la nne. Na kusema "si kweli" maana yake ni kuiambia Jamhuri ilete ushahidi wake, kwa kuwa Katiba, ibara ya 13(6)(b), inamhesabu hana kosa mpaka ithibitishwe.

Siku ilipofika alisema "Si kweli" kwa sauti iliyosikika hadi benchi la nyuma. Dhamana ikatolewa mchana huohuo: wadhamini wawili, barua za mtendaji wa mtaa, vitambulisho vya taifa, bondi ya milioni mbili. Kesi iliahirishwa mara tatu kwa sababu bosi hakutokea. Alishamlipa fundi 280,000, akachukua pikipiki yake, na kumkabidhi dereva mwingine. Mara ya nne mwendesha mashtaka aliiondoa kesi chini ya kifungu cha 98 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai.

Uchambuzi

Rufaa hii ilishinda kwa sababu hakimu wa kwanza aliandika kwa uaminifu. Kifungu cha 228 cha sheria hiyohiyo kinamtaka aandike ukiri kwa maneno ya mshtakiwa kadiri iwezekanavyo, naye alifanya hivyo hadi kwenye ule mstari wa fundi. Angefupisha na kuandika "maelezo yamekubaliwa," kama inavyoonekana katika mafaili mengine, tusingekuwa na pa kushika. Kilichokosekana ni kusimama pale pale kwenye "ila" na kubadilisha ukiri kuwa kukana. Nusu ya utaratibu ilifuatwa, nusu ikarukwa, na miezi tisa ikapita katikati.

Upande wa polisi kulikuwa na kasoro ambazo hazikupata nafasi ya kusemwa. Maelezo ya onyo yaliyochukuliwa siku ya tatu yalikuwa na hoja nzuri ya kupingwa, maana kifungu cha 169 kinairuhusu mahakama kukataa ushahidi uliopatikana kwa kukiuka sheria hiyo. Lakini aliyekiri kizimbani haletewi ushahidi wowote, kwa hiyo hana cha kupinga. Ukiri unafuta makosa ya wote waliotangulia, wakiwemo wale ambao hawakutembea dakika ishirini hadi gereji. Sioni mahali pengine katika mchakato wa jinai ambapo neno la mtu mmoja linabeba uzito namna hii, na ndipo mshtakiwa anapokuwa peke yake zaidi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inampa hakimu nafasi ya kuelekeza mshtakiwa asiye na uwezo apewe msaada pale haki inapodai. Katika mwenendo wa siku ile hakuna dalili kwamba jambo hilo liliguswa. Mimi ningependa liguswe kabla shtaka halijasomwa, si baada.

Kuhusu sisi wenyewe: siku niliyomtafuta bosi ingetugharimu rufaa. Tungeweza kuomba kuongezewa muda kwa sababu za msingi, lakini huwezi kujenga kesi juu ya matumaini ya kuhurumiwa. Na dhamana wakati wa rufaa, naamini sasa, tungeiomba. Wakili hakubaliani nami hadi leo. Anasema ingekataliwa na ingetuchelewesha zaidi. Labda. Ila tulikuwa na rufaa ambayo hata upande wa pili haukuipinga, na kijana ambaye hakuwahi kushtakiwa. Kama hizo si sababu za kujaribu, sijui tulikuwa tunazingojea zipi.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote hakikuwa cha kisheria: yale maswali manne kwenye karatasi. Tangu hapo nayatumia, nikiyabadilisha kwa kila shtaka. Kwa anayetuhumiwa kupiga, kwa anayetuhumiwa kuingia shamba la mtu, swali la mwisho daima ni lile ambalo akilisikia anashtuka.

Alipo sasa

Kesi kuondolewa chini ya kifungu cha 98 kabla mshtakiwa hajaanza kujitetea hakuzuii kushtakiwa tena kwa jambo lilelile. Nilimweleza hivyo bila kumficha. Hajakamatwa tena. Miezi tisa haina fidia aliyolipwa na mtu, na zile 2,460,000 ziko ndani ya pikipiki anayoiona ikipita mjini na dereva mwingine juu yake. Nilimshauri afungue madai, mkataba wa daftari anao na balozi yuko hai. Alikataa, akasema hataki kuliona tena lile jengo.

Anaendesha ya hesabu ya siku kwa bosi mwingine. Ya mkataba hataki. Na pikipiki ikisumbua, mama ananiambia, anampigia bosi kwanza kabla ya fundi.